Solo laini yenye mbano: namna ya kuipata kwenye amplifaya ya valvu

Sauti inayotafutwa hapa inajulikana ukiisikia. Nota inapigwa, inakaa sekunde kadhaa bila kupungua, ncha yake haichomi sikio, na nota uliyoigusa kidogo inasikika karibu sawa na ile uliyoichapa. Anayeitafuta kwa mara ya kwanza hupandisha geini (nobu ya kiasi cha ukuzaji) hadi 10, akaambulia mlio wa nyuki kwenye nyuzi nyembamba na matope kwenye nyuzi nene. Anashusha geini, nota zinakufa mapema. Anaipandisha tena.

Kinachomtoa hapo ni mambo matatu yanayofanywa pamoja. Besi hupunguzwa kabla sauti haijavunjika, yaani kabla wimbi halijazidi uwezo wa kifaa na kuanza kukwaruza. Trebo hupunguzwa baada ya sauti kuvunjika. Na kazi ya kuivunja hugawiwa hatua tatu au nne, kila moja ikivunja kidogo, badala ya hatua moja kubebeshwa mzigo wote. Mpangilio wowote unaofuata hayo matatu utakaribia sauti hiyo, hata kama vifaa si vya gharama.

Angalizo moja mapema: kwa solo la rumba au dansi, na zaidi ya yote kwenye sebene, mwongozo huu haufai. Huko nota hufuatana kwa kasi na kila moja lazima isikike peke yake. Sauti iliyovunjwa na kubanwa huziunganisha zikawa utepe mmoja.

Mbano unatoka wapi

Kila valvu, yaani kile kibomba cha kioo kinachokuza wimbi la gitaa, ina kimo cha wimbi inachoweza kukipitisha. Wimbi likizidi hapo, vilele vyake hukatwa, na kwa valvu huanza kwa kupinda kabla ya kukatika kabisa, ndiyo maana ncha hutoka ya mviringo. Ukiuchapa uzi kwa nguvu maradufu, kilele hakiendi juu tena. Kinachoongezeka ni ile sehemu iliyokatwa. Huo ndio mbano. Na kwa kuwa nota inayofifia hubaki kwa muda juu ya kiwango cha kukatwa, sikio halitambui kwamba inafifia. Kudumu kwa nota na kubanwa kwa sauti ni jambo moja lililoangaliwa kutoka pande mbili.

Ndani ya amplifaya kuna sehemu nne zinazobana: valvu ndogo za mwanzo, ambazo kwa kawaida ni 12AX7 (Ulaya huandikwa ECC83), valvu kubwa za mwisho, yaani 6V6, 6L6, EL34 au EL84, umeme unaozilisha, na spika yenyewe. Valvu za mwanzo zikifanya kazi yote peke yake, sauti huwa na ukwaruzo mwembamba wa juu. Za mwisho zikishiriki, sauti hunenepa katikati. Spika ikishiriki, ukali wa juu hulainika bila kugusa nobu yoyote.

Ya umeme ndiyo isiyofahamika na wengi. Amplifaya yenye rektifaya ya valvu (sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mnyoofu) hupoteza volti pale valvu za mwisho zinapovuta mkondo mkubwa ghafla. Unachapa, volti zinashuka, sauti inabanwa. Nota ikitulia, volti zinarudi na sauti inachanua taratibu. Fender Deluxe Reverb, yenye 6V6 mbili, wati 22 na rektifaya ya GZ34, hulegea hivyo kwa urahisi. Fender Twin Reverb, yenye 6L6 nne, wati 85 na diodi mahali pa rektifaya ya valvu, iliundwa ili isilegee. Kuilazimisha ni kugombana na majirani bure. Kama unayo Twin, tegemea pedali kwa ajili ya mbano na uiache amplifaya ikuze tu.

Wala valvu si uchawi. B.B. King alipiga kwa miaka mingi akitumia Lab Series L5, amplifaya ya transista tupu, na hakuna aliyemlalamikia kwa ukali wa sauti. Ila kwa aliye na valvu, mbano upo ndani ya sanduku tayari, hauhitaji kununuliwa.

Gitaa lenyewe

Anzia kwenye kimo cha pikapu, kile kinasa mtetemo chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya chuma cha pikapu. Kwa hambaka (pikapu ya koili mbili), milimita 1.6 hadi 2 upande wa daraja na milimita 2.4 upande wa shingo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa solo laini ishushe ya shingo hadi milimita 3. Utapoteza ukubwa kidogo, lakini besi inayoingia kwenye valvu ya kwanza itapungua na nyuzi nene hazitatoa matope. Kwa pikapu za koili moja anza na milimita 2 chini ya uzi mnene na 1.6 chini ya uzi mwembamba, na usizipandishe zaidi: sumaku zake huvuta nyuzi, na juu ya freti ya 12 utasikia nota ikiyumba kana kwamba gitaa halijatuniwa.

Nobu ya toni ya gitaa ndiyo kifaa kisichotumiwa inavyostahili. Kwa pikapu ya daraja, ishushe hadi 4 au 5. Ukali huondoka, na kwa kuwa amplifaya inavunja sauti baadaye, harmoniki mpya (sauti za juu zinazoambatana na nota) huzaliwa zikajaza pengo, hivyo sauti haiwi butu kama ambavyo ingekuwa kwenye amplifaya safi. Eric Clapton alipokuwa na Cream alilipeleka jambo hili mwisho wake: toni imefungwa kabisa, Marshall imefunguliwa hadi juu. Kwa pikapu ya shingo, toni 6 hadi 8 inatosha, maana tayari ina trebo chache.

Kebo nayo ni nobu ya toni. Kila mita ya kebo ya kawaida ina takriban pikofaradi 100. Hambaka yenye koili ya henri 4.5 ikiunganishwa na kebo ya mita 3, kilele chake cha mwitikio kinaangukia karibu na Hz 4,300. Kwa kebo ya mita 6 kinashuka hadi kama Hz 3,000. Ndiyo maana kebo ndefu inasikika laini zaidi. Kama una pedali ya bafa (inayotenganisha gitaa na kebo inayofuata) mwanzoni mwa mnyororo, athari hii huishia hapo, na kebo inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye amplifaya haibadilishi kitu cha maana.

Piki iwe nene, milimita 1 hadi 1.5, na upige kwa bega lake la mviringo, si kwa ncha. Sogeza mkono mbali na daraja, sentimita 12 hadi 15. Hakuna pedali inayofuta kishindo cha piki kali iliyopigwa karibu na daraja.

Pedali za mbele

Ovadraivu (pedali ya kusukuma sauti hadi ivunjike) ya mbele haiwekwi kwa ajili ya kuvunja sauti. Inawekwa kukata besi na kusukuma. Ibanez Tube Screamer, na nakala zake nyingi za bei nafuu, hupunguza geini ya masafa yaliyo chini ya takriban Hz 720 kabla diodi zake hazijaanza kukata. Ukikumbuka kwamba uzi mnene wa E ukiwa wazi ni Hz 82 na uzi mwembamba wa E kwenye freti ya 12 ni Hz 659, utaona kuwa msingi wa karibu kila nota unayopiga umo ndani ya eneo linalopunguzwa. Kinachofika kwenye valvu kikiwa na nguvu ni katikati, mahali ambapo gitaa huimba.

Namba zote humu ni za nobu yenye 0 hadi 10. Kama nobu haina namba, ikielekea juu moja kwa moja ihesabu kuwa 5. Weka draivu 1 hadi 2, toni 4, na ukubwa 7 hadi 8. Draivu ikipita 4, diodi za pedali huanza kufanya kazi iliyopaswa kufanywa na valvu, na sauti inakuwa nyembamba.

Kompresa, pedali ya kubana sauti, ni ya hiari. Ikitumika, ikae kabla ya ovadraivu. Ikikaa baada ya sauti kuvunjika haitapata cha kubana, maana vilele vimeshakatwa. Itakachokuza ni mvumo na mchakacho wa mkono. Kwa kompresa yenye nobu mbili kama MXR Dyna Comp, weka mbano 3, kisha panga ukubwa ulingane na sauti ya gitaa pedali ikiwa imezimwa. Ikiwa yako ina nobu ya muda wa kuanza kubana, iwe milisekunde 20 hadi 30 ili mguso wa piki upite kabla mbano haujashika. Dalili ya kuzidisha: nota inaanza ndogo kisha inavimba, na ukinyamaza mvumo unapanda taratibu.

Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, nunua ovadraivu, kompresa isubiri.

Nobu za amplifaya

Kabla ya kugusa nobu, jua besi na trebo za amplifaya yako zimekaa wapi: kabla ya sauti kuvunjika au baada. Jambo hili ndilo linalofanya mpangilio wa rafiki yako ushindwe kwako.

Kwenye Fender za mtindo wa Deluxe Reverb na Twin Reverb, nobu za toni ziko mapema, baada ya hatua ya kwanza tu. Unachoongeza hapo kinaingia kwenye hatua zinazovunja. Kwa hiyo besi iwe 2, isizidi 3. Trebo 5 hadi 6. Volyumu 6 hadi 7 kwa pikapu za koili moja, 5 hadi 6 kwa hambaka. Chaneli ya vibrato ya Deluxe Reverb ina kapasita ndogo ya pikofaradi 47 inayopitisha trebo kando ya volyumu. Volyumu ikiwa 3 inachoma, ikifika 7 athari yake karibu imekwisha. Chaneli ya kawaida haina kapasita hiyo, na kwa solo laini mara nyingi ndiyo bora, ila utapoteza rivabu (mwangwi wa ukumbi).

Mesa Boogie za mfululizo wa Mark, ambazo Carlos Santana alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitumia mwanzoni mwa miaka ya 1970, zina tabia hiyo hiyo kwa ukali zaidi kwa sababu hatua za geini zinazofuata ni nyingi. Besi huwekwa 0 hadi 2. Anayeona besi 1 kuwa ni kichekesho na kuipandisha hadi 6 hupata sauti ya tumbo linalounguruma. Besi inayokosekana hurudishwa mwishoni kwa slaidi za ikwalaiza zilizo kwenye amplifaya yenyewe, kwenye modeli zilizo nazo.

Marshall hufanya kinyume: nobu za toni hukaa baada ya valvu za mwanzo. Kwenye JCM800 ya modeli ya 2203, anza na geini 7, besi 4, midi (masafa ya kati) 7, trebo 5, prezensi (nobu ya trebo ya sehemu ya mwisho) 2 hadi 3. Hapa besi ya 4 haileti matope kwa sababu sauti imeshavunjika, ingawa masta (volyumu ya mwisho) ikifunguliwa sana valvu za mwisho zitaanza kulalamika nayo. Modeli hii ina kapasita ya nanofaradi 1 kwenye nobu ya geini, kubwa mno ukilinganisha na ile ya Fender. Geini ikiwa 3 sauti inachoma vibaya. Ikifika 7 au 8 inatulia. Ni moja ya amplifaya chache ambazo kuongeza geini kunalainisha. Ukiona geini hiyo imezidi, punguza kwa volyumu ya gitaa, usirudishe nobu.

Vox AC30 ina nobu ya Cut inayofanya kazi kwenye sehemu ya mwisho, baada ya mivunjiko ya mwanzo, na inazunguka kinyume na matarajio: ukiongeza, trebo inapungua. Iweke 6 hadi 7. Ndiyo nobu muhimu kuliko zote kwenye amplifaya hiyo kwa kazi hii.

Utaratibu wa kupanga, kwa amplifaya yoyote:

1. Zima pedali zote. Volyumu ya gitaa 10, nobu zote za toni za amplifaya 5, prezensi 2.
2. Pandisha geini au volyumu mpaka uzi mnene ukichapwa uvunjike, na ukiguswa taratibu usikike safi. Simama hapo.
3. Shusha besi huku ukipiga uzi mnene hadi mngurumo uliolegea ukatike na nota ianze kwa wakati. Usijali kama sauti imekonda. Utakuwa unapiga solo, na mpiga besi yupo.
4. Washa ovadraivu kwa namba zilizotajwa. Piga uzi wa tatu kwenye freti ya 12, uvute nusu-toni mbili juu, ushikilie. Nota ikidumu sekunde 4 hadi 5 bila kukwaruza mwishoni, geini inatosha.
5. Piga nyuzi mbili kwa pamoja, terza ya kawaida (nota ya kwanza na ya tatu ya skeli) kwenye nyuzi za pili na tatu. Ikisikika kama nota mbili, sawa. Ikisikika kama nota mbili zinazogombana na ya tatu isiyojulikana ikinguruma chini, geini imezidi: sauti mbili zikivunjwa kwa pamoja huzaa nota za ziada ambazo ni jumla na tofauti ya masafa yao.
6. Shusha volyumu ya gitaa hadi 6. Sauti ikisafika, mpangilio una nafasi ya kupumua. Isiposafika, rudi hatua ya 2.

Fanya haya yote sikio likiwa kwenye mstari wa spika, mita 2 hadi 3 mbele yake. Spika ya inchi 12 hurusha trebo mbele kwa ukanda mwembamba. Amplifaya ikiwa sakafuni na wewe umesimama juu yake, trebo inapita kwenye magoti yako. Unaongeza, na aliyekaa mbele anaungua. Iegemeze kwa nyuma au iweke juu ya kiti.

Ukubwa wa sauti

Valvu za mwisho hazibani mpaka zifanye kazi, na zikifanya kazi ni kelele. Kununua amplifaya ndogo husaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani: ili sikio lisikie nusu ya ukubwa, unatakiwa kushuka kutoka wati 50 hadi 5. Kutoka 30 hadi 15 tofauti ni desibeli 3 tu.

Suluhisho la chumbani ni atenueta, inayokaa kati ya amplifaya na spika na kugeuza sehemu ya nguvu kuwa joto. Ohm zake zilingane na tundu la amplifaya: 8 kwa 8, 16 kwa 16. Uwezo wake wa wati uwe angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye amplifaya, kwa sababu namba hiyo ni ya sauti safi. Ikivunjika nguvu inayotoka hupanda. Kushusha desibeli 6 hadi 12 sauti hubaki yenyewe. Ukipita 20, koni ya spika haitembei tena, sikio nalo husikia besi na trebo kidogo kwa sauti ndogo, na utalaumu atenueta kwa kosa lisilo lake. Valvu za mwisho zitachakaa haraka zaidi. Hiyo ni bei yake.

Kamwe usiwashe na kupiga amplifaya ya valvu ikiwa haina spika wala mzigo uliounganishwa. Transfoma ya kutolea sauti huzalisha volti kubwa zisizo na pa kwenda, ikapasua insulesheni yake au soketi za valvu.

Spika laini husaidia. Celestion Greenback, ya wati 25, hulegea mapema na haina kilele kikali cha juu kama Vintage 30 ya kampuni hiyo hiyo. Lakini Greenback moja nyuma ya amplifaya ya wati 22 iliyofunguliwa hadi mwisho inapigwa zaidi ya uwezo wake. Ziwe mbili.

Baada ya kuvunjika

Hapa ndipo trebo inapokatwa. Kama amplifaya ina tundu la lupu (la kuunganisha pedali baada ya valvu za mwanzo), weka ikwalaiza humo: pandisha desibeli 3 hadi 4 kwenye Hz 800, shusha 3 kwenye Hz 3,200, shusha 5 hadi 6 kwenye Hz 6,400, shusha 3 kwenye Hz 100. Kwenye jukwaa, Hz 800 ndizo zinazopenya kati ya ngoma na kinanda. Chumbani peke yako zinaweza kusikika za puani, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuziondoa.

Dilei (pedali ya kurudiarudia nota) na rivabu nazo zikae kwenye lupu. Dilei ya milisekunde 350 hadi 420, marudio 2 au 3, ukubwa wa asilimia 15 hadi 20, hujaza mapengo kati ya nota na kufanya solo ionekane ndefu kuliko ilivyo. Deluxe Reverb na amplifaya nyingine nyingi za zamani hazina lupu. Dilei ikikaa mbele ya amplifaya inayovunja, marudio hubanwa pamoja na nota na hutoka kwa ukubwa ule ule, yakafunika unachopiga. Punguza ukubwa wake hadi asilimia 10 au iache kabisa.

Kwa kurekodi, elekeza maikrofoni kwenye ukingo wa kofia ya katikati ya koni, au sentimita 2 hadi 3 nje yake, umbali wa sentimita 5. Kila sentimita kuelekea nje hulainisha.

Inapokataa

Nota inaanza, inakabwa, kisha inarudi baada ya muda mfupi kwa mlio mbaya wa kupasuka. Hii hutokea pale wimbi kubwa lenye besi linapoisukuma gridi ya valvu (lango la kuingilia wimbi) hadi ipitishe mkondo. Kapasita iliyo mbele yake inajaa, valvu inazimika kwa sehemu ya sekunde mpaka kapasita imwage chaji. Punguza ukubwa wa ovadraivu kwanza, kisha besi. Kama inatokea bila pedali, mpe fundi aangalie.

Sauti laini chumbani, inapotea kwenye bendi. Umepunguza midi. Hakuna dawa nyingine.

Ukwaruzo mwembamba unaofuata mwisho wa nota kama mchanga: valvu za mwanzo zimezidiwa huku za mwisho zimelala. Shusha geini hadi 5, pandisha masta. Ikibaki, badilisha 12AX7 ya kwanza na 5751, ambayo huingia kwenye soketi ile ile na ina kipimo cha ukuzaji cha 70 badala ya 100. Kwenye Deluxe Reverb, chaneli ya vibrato inatumia valvu ya pili, siyo ya kwanza, kwa hiyo hakikisha unabadilisha iliyo sahihi.

Mvumo na mluzi unapoacha kupiga ni matokeo ya mbano wenyewe: kinachobana vikubwa hukuza vidogo. Zima nyuzi usizozipiga kwa kiganja cha kulia na kwa ncha za vidole vya kushoto. Hii ni nusu ya ufundi wa sauti hii, na mpigaji aliyezoea gitaa safi hushangazwa nayo.

Sauti imekuwa butu na baridi hata kwa mpangilio uliokuwa mzuri mwezi uliopita? Valvu za mwisho zimechoka au baiasi (mpangilio wa mkondo wa valvu zikiwa zimetulia) imehama. Kwa amplifaya yenye baiasi isiyojirekebisha, hesabu ya kawaida ni asilimia 70 ya wati za juu za valvu, ugawe kwa volti za anodi. EL34 ni wati 25: kwa volti 450, 25 × 0.7 ÷ 450 ni miliampia 39. Kwa 6V6 ya wati 12 kwenye volti 415 ni miliampia 20. Kupima huko ni kazi ya fundi anayejua; ndani mna zaidi ya volti 400, na kapasita huzihifadhi hata plagi ikiwa imechomolewa.

Fundi akikushauri ubadilishe GZ34 kwa 5U4 ili volti zilegee zaidi, muulize kuhusu filamenti, waya unaopasha valvu moto. GZ34 huhitaji ampia 1.9, 5U4GB huhitaji 3, na transfoma ya amplifaya ndogo inaweza kuungua kwa tofauti hiyo. 5Y3 huhitaji 2 na hulegeza zaidi, ila baiasi lazima ipimwe upya kwa kuwa volti zote zitashuka.

Umeme wa ukutani

Valvu za mwanzo na za mwisho zilizotajwa huwashwa kwa volti 6.3, na uvumilivu wake ni asilimia 10 juu au chini. Amplifaya ya volti 230 ikilishwa 190, kama inavyotokea jioni katika mitaa mingi ya Dar es Salaam au Mombasa, filamenti zinapata 5.2. Sauti inalegea kupita kiasi, geini inapungua, na valvu zinazotumika hivyo kwa muda mrefu huharibika. Stabilaiza ya aina ya transfoma hutosha. Inveta za bei rahisi zisizotoa wimbi laini huingiza mvumo mkali ambao hakuna kichujio cha gitaa kitakachouondoa.

Amplifaya iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani ni ya volti 120 na Hz 60. Inahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati za matumizi zilizoandikwa nyuma yake, na hata hapo masafa yatabaki Hz 50. Transfoma ya ndani ya amplifaya, ikiwa imeundwa kwa Hz 60 tu, hupata joto zaidi. Baada ya nusu saa ya kwanza iguse kasha lake: ikiwa huwezi kuweka kiganja kwa sekunde chache, zima, umtafute fundi aibadilishe kwa ya volti 230 na Hz 50.